Je, Wakristo wa Kwanza Walikuwa Kundi la Wapotofu?

Mama mpendwa, huenda swali hili limekwisha kuingia nyumbani kwako. Kijana anarudi kutoka shule na kusema kwamba dini zote zilianza kama vikundi vya watu wachache waliomfuata mtu mmoja mwenye maneno matamu. Au jirani aliyejiunga na kikundi kipya cha maombi anaulizwa kwa nini ameuza cherehani yake na kumtoa mtoto shule, naye anajibu, "Hata mitume walisemwa hivyo hivyo. Kusemwa kwetu ndiko kunaonyesha kwamba tuko katika njia ya kweli."

Jibu hilo lina nguvu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Wakristo wa kwanza walisemwa vibaya sana. Kwa hiyo haitoshi kumfokea kijana au kumkimbia jirani. Yatupasa tujue mambo yalivyokuwa, tupime, kisha tujibu. Mtume Petro aliwataka waamini wawe tayari siku zote kumjibu mtu aulizaye juu ya tumaini lao, tena wajibu kwa upole na heshima (1 Petro 3:15).

WALIITWA "MADHEHEBU"

Tuanze na Biblia yenyewe. Mtume Paulo aliposhtakiwa huko Kaisaria mbele ya Liwali Feliki, msemaji wa washtaki, Tertulo, alimwita kiongozi wa madhehebu ya Wanazareti (Matendo 24:5). Paulo hakukataa kwamba anaifuata Njia ile waliyoiita hivyo, ila alisema kwamba anamwabudu Mungu wa baba zake na kuyaamini yaliyoandikwa katika torati na manabii. Baadaye, huko Roma, wazee wa Kiyahudi walimwambia kwamba dhehebu hilo linanenwa vibaya kila mahali (Matendo 28:22).

Neno la Kiyunani lililotumika hapo halikuwa tusi tangu mwanzo. Lilikuwa na maana ya kundi la watu waliochagua mafundisho fulani. Katika kitabu hicho hicho cha Matendo, Masadukayo wanatajwa kwa neno hilo (5:17), na Mafarisayo vile vile (15:5). Hivyo kwa maana ya kwanza jibu ni ndiyo: Wakristo wa kwanza walikuwa kundi dogo ndani ya dini ya Kiyahudi, lenye mwalimu wake na mafundisho yake. Wapo wataalamu wa elimu ya jamii wasemao hivyo hata leo. Rodney Stark wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu kukua kwa Ukristo, aliwachunguza Wakristo wa kwanza kwa vipimo vile vile vinavyotumika kuchunguza vikundi vipya vya dini vya siku zetu. Mkristo hana sababu ya kuogopa uchunguzi wa namna hiyo.

Tusifiche pia kwamba ndugu wa Bwana Yesu mwenyewe waliwahi kutoka kwenda kumkamata, wakidhani amerukwa na akili (Marko 3:21). Mama aliyeona mwanawe anaacha kazi ya useremala na kuzunguka na wavuvi anaweza kuelewa hofu ya familia ile.

UVUMI WA KULA WATU

Nje ya Uyahudi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 64 mji wa Roma uliungua, na Kaisari Nero akawatwika lawama Wakristo. Mwandishi wa historia Tasito, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, aliandika jinsi walivyouawa kikatili. Yeye mwenyewe aliiona imani yao kuwa ushirikina wenye madhara, ingawa alikiri kwamba watu walianza kuwahurumia.

Katika karne ya pili uvumi ulienea kwamba Wakristo hukutana gizani, huua watoto na kula nyama yao, na kwamba kaka na dada hulala pamoja. Uvumi huo ulipata chakula chake katika mambo ya kweli yaliyosikiwa vibaya. Wakristo walisema wanakula mwili na kunywa damu ya Bwana. Waliitana kaka na dada, na kusalimiana kwa busu. Walikutana kabla ya jua kuchomoza kwa sababu wengi wao walikuwa watumwa na vibarua, ambao mchana haukuwa wao. Sisi wa pwani, ambao tumekua tukitishwa kwa habari za mumiani, tunajua uvumi wa namna hiyo unavyokimbia, na jinsi unavyomwangukia mgeni kwanza.

Yupo shahidi mmoja wa kipagani ambaye habari zake ni za thamani kubwa. Plinio, liwali wa Bithinia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, alimwandikia Kaisari Trayano mnamo mwaka 112. Alikuwa amewahoji watu waliowahi kuwa Wakristo wakaacha. Walimwambia kwamba walikuwa wakikutana siku maalumu alfajiri, wakimwimbia Kristo, wakiapa kutoiba, kutozini na kutomnyima mtu amana yake. Baadaye walikutana tena kula chakula, nacho kilikuwa chakula cha kawaida. Plinio hakuridhika. Aliwatesa wanawake wawili watumwa, waliokuwa mashemasi katika kanisa lile, ili wafichue siri. Hakupata kitu, ila kile alichokiita ushirikina uliopita kiasi.

Angalia jambo hilo vizuri. Wanawake wale wawili hawakutajwa hata majina. Walipigwa waseme maovu ya kundi lao, na hapakuwa na maovu ya kusema. Kundi lenye uovu sirini huvuja linapobanwa. Hili lilipobanwa lilitoa habari za watu wanaokataa kuiba.

NA HUKU KWETU KUSINI

Historia hiyo haiko mbali nasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapita Lindi na kuwapandisha hadi Masasi, ambako walianza kijiji cha Kikristo. Fikiri jinsi wenyeji walivyowaona. Ni watu waliotengwa na koo zao, wanaomfuata mgeni, wanaoitana ndugu ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Mwaka 1882 kijiji kilivamiwa na Wangoni, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadri, naye akafanya kazi Chitangali, upande wa Newala. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika misheni hiyo.

Wakati wa Vita vya Majimaji, mwaka 1905, misheni za Masasi, Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto. Machoni pa watu wengi waliokuwa wakionewa na Wajerumani, kanisa na serikali ya wageni vilikuwa kitu kimoja. Watu wasiofanya siri nao huweza kushukiwa, na mara nyingine shaka huwa na sababu zake.

Jambo linalotugusa zaidi sisi akina mama ni lile la jando na unyago. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, mtoto asiyepita huko alihesabiwa kuwa hajakua. Familia za Kikristo zilikuwa njia panda: ama waitii misheni na mtoto adharauliwe, ama wampeleke kwa siri. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alijulikana kwa kuunda jando la Kikristo, likaendeshwa chini ya uangalizi wa kanisa, likiwa na sala badala ya mambo yaliyopingana na imani. Kwa unyago wa wasichana pia ilijaribiwa njia ya namna hiyo. Mjadala haukuwa mwepesi, na mpaka leo wapo wasemao hiki na wengine kile. Lakini tujifunze jambo hili: kanisa liliketi na wazazi na wazee, likatafuta njia ambayo mtoto angebaki wa Kristo na wa ukoo wake pia.

MAKUNDI YALIYOUA

Sasa tugeukie upande wa pili, kwa maana kuna makundi ambayo tuhuma juu yake zilikuwa za kweli.

Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu kiliongozwa na Joseph Kibweteere na Credonia Mwerinde, wakiwa pamoja na Dominic Kataribabo, aliyewahi kuwa padri. Wafuasi waliuza mali zao wakaleta fedha. Mume na mke walitenganishwa, na watu walizuiwa kusema, wakawasiliana kwa ishara. Waliambiwa ulimwengu ungekwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Siku ilipita, na watu wakaanza kuuliza habari za mali zao. Tarehe 17 Machi, mwaka 2000, mamia ya watu, wakiwamo watoto wengi, waliteketea ndani ya nyumba yao ya sala, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Baadaye maiti nyingine nyingi zilifukuliwa katika nyumba za kikundi hicho.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya Kenya. Katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, yalifukuliwa makaburi yenye maiti zaidi ya 400. Wengi wao, wakiwamo watoto, walikuwa wamekufa kwa njaa. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa kwamba aliwafundisha wafuasi wake kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Naye aliyakana mashtaka. Kabla ya hapo wafuasi walikuwa wamefundishwa kuikataa shule na hospitali.

Sisi wa Mtwara tumeona moshi wa moto mwingine, ng'ambo ya mto Ruvuma. Kundi lililoanza kuua watu huko Cabo Delgado, Msumbiji, Oktoba 2017, lilianza kama kikundi cha vijana waliojitenga na misikiti ya wazazi wao na kukataa shule za serikali. Masheikh wa huko walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipinga. Oktoba 2020 kundi hilo lilivuka mto likashambulia kijiji cha Kitaya, huku kwetu. Kwa hiyo tusiseme kwamba upotofu ni wa dini ya jirani. Mama Mkristo wa Mikindani na mama Mwislamu wa Msimbati wana hofu moja usiku, kwamba mtoto ataitwa na sauti wasiyoijua.

TOFAUTI IKO WAPI?

Kama kusemwa vibaya si kipimo, tupime kwa nini? Bwana alisema mti hutambulikana kwa matunda yake. Haya hapa ni matunda matano.

Kwanza, mali. Ni kweli kwamba waamini wa Yerusalemu waliuza mashamba na kuweka fedha miguuni pa mitume. Wahubiri wengi hupenda kuisoma sura hiyo, hasa fedha ya korosho inapoingia! Lakini husahau maneno ya Petro kwa Anania: kwamba shamba lilikuwa lake, na hata alipoliuza fedha ilikuwa katika uwezo wake (Matendo 5:4). Kosa la Anania na Safira lilikuwa uongo. Hawakudaiwa shamba. Tena Paulo alishona mahema ili asiwalemee watu. Na Bwana Yesu aliwakemea vikali waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowatunza baba na mama (Marko 7:9-13).

Pili, ndoa na jamaa. Yapo maneno magumu ya Bwana juu ya kumwacha baba na mama kwa ajili yake (Luka 14:26), nasi hatuwezi kuyafuta. Yana maana ya kumpenda yeye kuliko wote, kwa maana yeye huyo, akiwa msalabani, alihakikisha mama yake anapata mahali pa kukaa (Yohana 19:26-27). Paulo alimwagiza mke Mkristo asimwache mume asiyeamini, kama mume anakubali kukaa naye (1 Wakorintho 7:13). Na asiyewatunza wa nyumbani mwake alimwita mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8).

Tatu, maswali. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, na miongoni mwao walikuwamo wanawake (Matendo 17:11-12). Paulo alimpinga Petro uso kwa uso alipokosea (Wagalatia 2:11). Kiongozi asiyeulizwa hakutoka kwa mitume.

Nne, mwisho wa dunia. Wakristo wa kwanza waliungojea kwa hamu kubwa. Huko Thesalonike wengine waliacha kazi. Paulo hakuwapongeza kwa imani yao. Aliwaambia asiyetaka kufanya kazi asile (2 Wathesalonike 3:10). Siku na saa, Bwana alisema, hakuna aijuaye. Atakayekutajia tarehe amejiweka juu ya Bwana wake.

Tano, uhai, hasa uhai wa mtoto. Hapa ningependa tukae zaidi.

PERPETUA NA MWANAWE

Mwaka 203, huko Kartago, nchi ambayo leo ni Tunisia, mwanamke wa miaka kama 22 aitwaye Perpetua alikamatwa kwa kuwa Mkristo. Alikuwa na mtoto mchanga wa kunyonya. Pamoja naye alikamatwa mtumwa aitwaye Felisita, mwenye mimba ya miezi minane. Baba yake Perpetua, mzee asiyeamini, alimwendea gerezani akimsihi aikane imani kwa ajili ya mvi zake na ya mtoto. Wote wawili waliuawa uwanjani.

Mama anayesoma habari hii huumia, na ni haki aumie. Tena mtu anaweza kuuliza: huyu ana tofauti gani na mama aliyemfuata mhubiri msituni?

Tofauti ni mtoto. Habari za Perpetua zimeandikwa, sehemu kubwa kwa maneno yake mwenyewe, na karibu katika kila ukurasa anahangaika na mwanawe. Alimnyonyesha gerezani akiwa amedhoofika kwa njaa. Alimkabidhi kwa mama yake na ndugu yake. Kisha akapata ruhusa akae naye, akasema gereza limekuwa kwake kama jumba la kifalme. Felisita alijifungua mtoto wa kike gerezani, na mwanamke Mkristo akamchukua kumlea kama binti yake. Waliokufa hawakuua mtu. Hawakujinyima chakula hadi kufa kwa amri ya mwalimu. Kifo kilitoka kwa serikali iliyowataka wamtolee Kaisari sadaka, na watoto waliachwa hai, mikononi mwa watu waliowapenda.

Kanisa lenyewe halikuwasifu watu waliojipeleka wauawe. Katika habari za kuuawa kwa Askofu Polikarpo wa Smirna, karne ya pili, anatajwa mtu mmoja aliyejitokeza mwenyewe kisha akaogopa na kuikana imani. Mwandishi anasema Injili haifundishi hivyo. Katika dunia ambamo baba wa Kirumi aliweza kuamuru mtoto asiyetakiwa atupwe nje, Wakristo walikatazwa kabisa kufanya hivyo. Tauni ilipoingia Kartago mnamo mwaka 251, Askofu Sipriani aliwahimiza Wakristo wahudumie wagonjwa, wakiwamo wapagani. Watu waliodhaniwa kula watoto ndio waliowalea.

Hata hivyo tusijivune. Katika karne hiyo ya pili walitokea Wakristo waliomfuata Montano huko Frigia, ambako manabii wake walidai kusema kwa sauti ya Roho mwenyewe, wakaongeza mifungo na kuutaja mji mdogo wa kwao kuwa Yerusalemu mpya. Makanisa yalikutana, yakayapima maneno yao, yakayakataa. Tangu mwanzo upotofu uliweza kuota ndani ya shamba lenyewe la Bwana. Ndiyo sababu kupima ni kazi ya kila kizazi.

MAMA AFANYE NINI?

Kijana akikuuliza kama Wakristo wa kwanza walikuwa kundi la wapotofu, usimfokee. Mwambie: walikuwa wachache, walikuwa wageni machoni pa watu, na waliitwa kila jina. Kisha msomee matunda yao.

Ndugu yako akiingia kikundi kipya, usikate mguu. Makundi ya hatari hushinda pale jamaa wanapokasirika wakaacha kwenda. Nenda umsalimie, peleka hata kisado cha muhogo, uliza habari za watoto. Je, wanakwenda shule? Wakiugua wanapelekwa zahanati? Mume wake yuko wapi? Hati ya shamba nani anayo? Anaruhusiwa kuja kwenye msiba wa nyumbani?

Ukiona mtoto ananyimwa chakula, dawa au shule kwa jina la Mungu, usingoje mkutano wa maombi. Mwambie mchungaji au padri wako, na siku hiyo hiyo mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na polisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni uhai wa mtoto.

Gamalieli, mwalimu wa torati, aliwashauri wenzake wawaache mitume, kwa kuwa jambo lililotoka kwa wanadamu litavunjika lenyewe (Matendo 5:38). Ulikuwa ushauri mwema kwa baraza lililotaka kuwaua watu wasio na hatia. Lakini mama mwenye mtoto ndani ya nyumba inayoungua hawezi kungoja aone kama moto utazimika wenyewe. Yeye huingia akamtoa mtoto kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHA AKINA MAMA

1. Katika kanisa letu, mwamini anaweza kumwuliza kiongozi habari za fedha bila kuonekana mwasi?

2. Majirani zetu wasio Wakristo wakiulizwa juu yetu, watataja matunda gani?

3. Kuna familia gani kijijini petu iliyojitenga, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuisalimia wiki hii?